Gari kuukuu halinunuliwi kwa rangi

Ndugu msomaji, Jumamosi moja ya hivi karibuni, tulipokuwa tumekwisha kula chakula cha mchana nami nimejinyoosha barazani, aliingia mpwa wangu kutoka Kibaha. Aliniamkia kwa adabu zake zote, akaketi, akapewa maji, na kabla hajamaliza kuulizia habari za nyumbani alikuwa amekwisha toa simu yake mfukoni.

"Mjomba, hebu tazama hii," akasema.

Nikavaa miwani yangu, nikatazama. Katika kioo kile kidogo palikuwa na picha ya Peugeot 504, nyeupe kama yai, imesimama chini ya mwembe mjini Tanga. Mwenyewe alitaka kuiuza kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya pikipiki mpya. Kijana akanieleza nia yake: ainunue, aitengeneze polepole siku za mapumziko, hata irudie hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Nami, kusema kweli, moyo wangu uliruka kidogo, kwa kuwa gari la namna ile nalijua.

Lakini nikamwuliza, "Fedha za kununulia ni zipi?" Akajibu kuwa ni akiba yake na mchumba wake, waliyoiweka kwa miaka miwili kwa ajili ya kiwanja. Nikamwuliza tena, "Na mwenzako anasemaje?" Hapo kijana alikohoa, akasema bado hajamwambia, alitaka kwanza kupata baraka zangu.

Basi badala ya baraka nilimpa kisa, na kisa hicho leo nakupa nawe pia, ndugu msomaji, kwa sababu najua wapo vijana wengi, na watu wazima wasio na udhuru wa ujana, wanaotamani gari kuukuu la kutengeneza.

Nyumba bila bati

Mwaka 1996 nyumba yetu hii ilikuwa imefika kwenye lenta. Fedha za mbao na bati zilikuwa tayari, tumezikusanya mimi na mama watoto kwa kujinyima. Ndipo nikaonyeshwa 504 moja iliyokuwa iking'aa hata ukaweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake. Injini ililia vizuri. Nilizunguka mara moja tu mtaani, nikatoa fedha siku ile ile, nikarudi nalo nyumbani nikipiga honi.

Mama watoto alitoka, akasimama, akalitazama gari, kisha akaitazama lenta, kisha akarudi ndani kuendelea na kazi zake. Hakusema neno. Ndugu msomaji, upo ukimya unaosema kuliko baraza zima la wazee.

Mwezi wa pili nikapata pancha. Nikaweka jeki mahali pake, nikapandisha. Gari halikupanda, bali jeki ndiyo iliyopanda, ikapenya ndani ya kizingiti cha mlango kama kisu katika papai. Tulipoinua zulia tukakuta sakafu yote imezibwa kwa vipande vya madebe, vikapakwa lami juu yake. Fundi wa bodi alikagua, akatikisa kichwa, akataja gharama iliyozidi bei niliyonunulia gari lenyewe. Likawekwa juu ya mawe. Kwa miaka sita kuku walitaga katika kiti cha nyuma, na kwa misimu miwili ya mvua sisi tuliendelea kulipa kodi katika nyumba ya mtu. Mwisho wake liliuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi niliununua mkakasi huo kwa bati la nyumba yangu.

Magari yale si mabaya

Nisieleweke vibaya. Silaumu magari yale, wala siwakatazi watu kuyapenda. Yalijipatia heshima katika barabara zetu. Katika mbio za Safari ya Afrika Mashariki, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania. Ndugu yake, 504, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, ilishinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson. Na kwa wale wanaodhani kuwa gari lililotumika ni la kudharauliwa, wakumbuke kwamba mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika, akayaacha nyuma magari mapya ya makampuni makubwa.

Aidha, yametengenezwa kwa namna inayomfaa mtu wa kipato cha kawaida. Hayana kompyuta. Silinda za injini ya 504 ni mikebe ya chuma inayochomolewa mmoja mmoja, hata fundi akaweza kuifufua injini iliyochakaa bila kuitupa. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa hadi kiwanda cha Mexico kilipoacha mwaka 2003, haina rejeta. Injini yake hupozwa kwa upepo. Land Rover za zamani nazo zina bodi ya aluminiamu, kwa kuwa zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma cha pua na cha bati kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita. Vipuri vya Volkswagen na Land Rover bado vinatengenezwa na viwanda mbalimbali duniani. Kwa hiyo mwenye kuchagua mojawapo ya haya hachagui vibaya. Kosa liko katika namna tunavyonunua.

Anza chini

Kosa hilo ni moja, nalo ni kununua injini na rangi, ilhali kitu cha kununua ni bodi na karatasi. Injini mbovu hufunguliwa, ikafanyiwa ovaholi, au hutafutwa nyingine. Bodi iliyooza ni shimo lisilo na chini.

Kwa sababu hiyo, ukifika kutazama gari, usisimame mbele yake ukalisifu. Vaa nguo za kazi, tandika gunia, ulale chini. Chukua tochi, bisibisi, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba ili isikwaruze rangi. Pitisha sumaku pembezoni mwa matao ya magurudumu, chini ya milango na kwenye vizingiti. Penye bati itashika. Penye puti iliyolundikwa itaanguka. Lakini angalizo: juu ya bodi ya Land Rover sumaku haitashika popote palipo na aluminiamu, na hilo si kosa la muuzaji.

Kila gari lina mahali pake pa kufia. Peugeot 504 haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Vizingiti na sakafu vikioza, gari zima hulegea. Fungua na ufunge milango yote minne: mlango unaohitaji kuinuliwa ili ufunge huenda umechoka bawaba tu, lakini huenda pia unakuambia kuwa bodi imebonyea katikati. Inua mazulia, usiombe radhi. Fungua boneti utazame pale shokapu za mbele zinaposhikwa na bodi.

Katika Volkswagen, inua kiti cha nyuma. Betri hukaa chini yake, na tindikali yake hula sakafu. Kisha ufuate kipira cha petroli hadi kwenye injini. Kikiwa kimepasuka-pasuka, usiliwashe gari hilo hata kidogo kabla hakijabadilishwa, kwani magari mengi ya aina hii yameungua kwa kipira hicho hicho kimoja.

Katika Land Rover, usidanganywe na bodi isiyopata kutu. Chini yake iko chesisi ya chuma iliyo wazi ndani kama bomba, na maji na matope yakiingia huila kutoka ndani kwenda nje. Igongegonge kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kitu kilichokufa.

Uliza pia gari limeishi wapi. Lililokaa miaka ishirini Tanga, Dar es Salaam au Unguja limevuta hewa ya chumvi kila usiku. Lililokaa Dodoma au Singida huenda likawa limepauka rangi na viti kupasuka kwa jua, lakini bati lake lipo. Kiti hushonwa, na rangi hupakwa. Mimi ningelichukua lililopauka.

Halafu hesabu vitu vidogo, ukiandika katika daftari: taa za mbele na za nyuma, vioo, vishikio vya milango, mipira ya madirisha, vifuniko vya magurudumu, nembo. Watu wengi huogopa injini iliyokosekana, wasiogope taa iliyokosekana. Taa ya mbele ya 504 ina umbo la pembe, si duara, wala huwezi kuchomoa ya gari jingine ukaipachika. Gari lililofumuliwa na vitu vyake kutiwa katika makasha huwa na bei nafuu, lakini daima kuna kasha moja lililopotea.

Injini isikuwahi kuamka

Baada ya hapo ndipo uitazame injini. Mwambie muuzaji mapema kuwa utafika asubuhi, naye asiiwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, tayari kuna jambo lililofichwa, maana injini nyingi mbovu huwaka vizuri zikishapashwa.

Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya baridi, wala usithubutu kamwe ikiwa ya moto. Maji yenye mafuta juu yake, au mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Katika 504 silinda hedi ni ya aluminiamu, na injini ikichemka sana hupinda. Kisha iwashe, utazame nyuma. Moshi wa buluu ni mafuta yanayoungua. Mweusi ni petroli inayozidi, na huenda kabureta ndiyo inayohitaji kusafishwa. Mweupe usiokoma hata injini ilipopata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Ikiwa gari limelala juu ya mawe na haliwezi kuwashwa, toa plagi, tia mafuta kidogo katika kila silinda, kisha ujaribu kuizungusha injini kwa spana. Ikizunguka, kuna tumaini. Ikikataa, hesabu kuwa huna injini, na bei ifuate hesabu hiyo.

Ukipata kuliendesha, sikiliza gia. Katika Land Rover zilizotangulia ile ya tatu, iliyoanza mwaka 1971, gia namba moja na mbili hulia usipojua kuziingiza. Huko ndiko kuumbwa kwake. Jaribu breki mahali pasipo na watu. Gari lisilosimama sawasawa lisiendeshwe mpaka nyumbani, bali libebwe.

Kadi ni nusu ya gari

Sasa karatasi. Ombeni kadi ya gari kabla ya kuomba kupunguziwa bei. Namba ya chesisi iliyo katika kadi iwe ndiyo iliyogongwa katika gari, herufi kwa herufi. Jina lililo katika kadi liwe la yule anayeuza. Akikuambia kuwa gari ni la marehemu baba yake, mpe pole, kisha umwulize nani msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mmoja hawezi kuuza mali ya watoto watano kwa kuwa tu yeye ndiye anayekaa karibu nayo. Ukilipa bila hilo utakuwa umenunua ugomvi wa familia ya watu, nao utaupeleka katika familia yako.

Na usidhani utaukwepa usumbufu huu kwa kuagiza gari kuukuu kutoka ng'ambo. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka minane, na hapa Tanzania magari yaliyozeeka hutozwa ushuru wa ziada.

Hesabu ya nyumbani

Ndugu msomaji, nimeacha mwisho lile ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Kabla ya kulala chini ya gari la mtu, keti mezani na mwenzako.

Andika bei ya gari. Chini yake andika kiasi hicho hicho mara mbili, kwa ajili ya matengenezo. Huu si utabiri, ni kanuni yangu mwenyewe niliyojifunza kwa hasara: asiyeweza kutenga sehemu tatu asinunue kwa moja. Kisha andika litalala wapi, maana gari lililofumuliwa likinyeshewa huoza upesi kuliko lililokuwa zima. Andika pia ni siku ngapi kwa mwezi utalishughulikia, na ni nani atakayebaki na watoto siku hizo. Mwisho, mkubaliane siku ya kukata tamaa, yaani kiasi ambacho kikifika, mtasimama na kuuza, bila kulaumiana. Mimi laiti ningekuwa na siku hiyo, gari langu lingeuzwa likiwa bado gari.

Watu husema kumshirikisha mke au mume katika jambo kama hili ni kukaribisha kukatazwa. Huenda. Lakini anayekatazwa mezani hupoteza jioni moja. Mimi niliyefanya kwa siri nilipoteza misimu miwili ya mvua, na imani ambayo sikuirejesha kwa urahisi kama bati.

Safari ya Tanga

Mpwa wangu aliondoka jioni ile amenuna kidogo. Baada ya juma moja akanipigia simu kwamba amemweleza mchumba wake, na kwamba binti hakukataa, ila alisema, "Twende sote tukalitazame." Tukaenda, watatu sisi, na bisibisi yangu.

Kijana alilala chini. Sumaku ilishika juu, ikaanguka chini. Kizingiti cha kushoto kilikuwa kimejazwa puti, na juu yake ile rangi nyeupe kama yai. Alitoka huko uso umemwiva, akanitazama bila kusema. Wakati huo binti alikuwa akizungumza kwa upole na mama mmoja wa nyumba ile, akamwuliza swali ambalo hakuna fundi angelifikiria: "Na wadogo zake wengine wanajua kwamba gari linauzwa?" Yule mama akainama. Gari lilikuwa la marehemu, na wadogo watatu waliokuwa mbali hawakuwa na habari.

Tukaaga, tukarudi. Katika basi kijana alisema kwamba amepoteza nauli za watu watatu bure. Binti akamjibu kwamba nauli ni ndogo kuliko kiwanja.

Hawajanunua bado. Wamekubaliana kulipa kiwanja kwanza, na katika daftari lile lile wamefungua ukurasa wa pili, wenye sehemu tatu. Juzi kijana ameniletea picha ya nyingine iliyoko Dodoma: rangi imepauka hata hujui ilikuwa ya namna gani, kiti kimepasuka, taa zote zipo, na kadi ina jina la mwenyewe aliye hai. Nilimwambia asubiri ukurasa ujae. Bisibisi nimeiweka karibu.

Ikiwa nawe unalo moyoni gari la namna hii, mwonyeshe mwenzako makala haya usiku wa leo, kabla hujamwonyesha picha. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.